Injini ya Mustapha Haitoi Cheche

Kambini, ng'ambo ya Mtera
29 Novemba 1992

Kaka Amiri,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na wifi Stara na watoto wote hapo Nkuhungu. Huku tunaendelea. Mama mkwe magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo. Mchele na sukari ulivyotuma kwa arobaini ya Mustapha vilifika. Sukari ililowa maji ya samaki ndani ya lori la Silvano, lakini watu walikunywa chai. Waliuliza kwa nini hukuja. Niliwaambia kazi.

Mimi nipo ndani na eda yangu, sitoki mpaka mwezi wa pili uwe unakwisha. Kwa hiyo nakuandikia, maana miguu yangu kwa sasa ni hii kalamu.

Injini ya boti ya marehemu imekufa. Ile ile ya zamani, aliyoinunua kwenye mradi wa samaki ulipofungwa. Siku chache kabla hajaugua ilikuwa inawaka kwa mvuto mmoja. Sasa Adamu, mkwe wangu, mume wa Shamila, amevuta kamba mpaka bega limevimba na haikohoi hata kidogo. Fundi wa kambi yetu ya wavuvi amebadilisha plagi, amepuliza kabureta, kisha akasema injini imemfuata mwenyewe. Nikamwambia asante, nenda.

Kaka, unajua kwa nini nahangaika. Shamila ni mjamzito tena. Mwaka juzi uchungu ulimkuta huku, wakampeleka kwa mtumbwi wa kasia, upepo ukawarudisha, na walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Daktari alisema nyonga zake ni finyu, mtoto mwingine ni wa kisu, na asisubiri. Anatarajia katikati ya Februari. Mvua zikikaza, mkono wa bwawa utajaa, njia ya nchi kavu itakatika, na kutoka hapa hadi barabara kuu kutabaki maji tu. Bila injini ile mwanangu atakufa mbele yangu nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Wewe umetengeneza injini maisha yako yote. Njoo, hata kwa siku moja.

Wako mdogo,
Mwajabu

*

Dodoma
12 Desemba 1992

Mdogo wangu Mwajabu,

Marahaba. Pole tena na msiba, na pole na kukaa ndani, wewe ambaye ukiwa mtoto hukuweza kukaa hata kunyolewa nywele. Stara anakusalimu. Watoto wazima. Mvua hapa bado zinatutania, wingu linakuja Msalato linageuka.

Kuja siwezi kwa sasa. Tangu watupunguze kazi pale karakana ya idara nimeshika kazi za watu, na watu wa siku hizi hawasubiri. Lakini kuna jambo la kushukuru: injini haihitaji macho yangu, inahitaji macho ya mtu asiye na papara. Fundi wenu alibadilisha plagi kabla ya kujua kama ugonjwa uko kwenye plagi. Huo ni uganga.

Mwambie Adamu na vijana waiingize injini chumbani mwako, waifunge kwenye kigogo imara. Utaitengeneza wewe. Usicheke. Mustapha mwenyewe aliniambia kwamba ulikuwa ukimshikia taa na kumpa spana kabla hajaitaja namba.

Injini inataka petroli, hewa na cheche. Anza na cheche. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia ya waya wake, kisha ilaze ubavu wake uguse chuma kitupu cha injini. Weka mbali na petroli. Funga dirisha chumba kiwe giza. Adamu avute kamba kwa nguvu, wewe tazama pale kwenye mdomo wa plagi. Ikiruka cheche ya buluu, shida iko kwenye petroli. Usipoona kitu, shida ni umeme, na tutaufuata kutoka kwenye plagi kurudi nyuma. Shika kofia kwa kitambaa kikavu, maana ule umeme hauui lakini unatukanisha.

Barua zako usimwambie Silvano azilete nyumbani. Amwachie Yotham wa duka la vipuri karibu na soko. Zinanifikia haraka zaidi.

Mimi kaka yako,
Amiri

*

Kambini
27 Desemba 1992

Kaka Amiri,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Barua yako imechukua muda njiani, Silvano aliharibikiwa. Shamila amevimba miguu lakini anakula. Mama mkwe anauliza ni lini ulimwengu uligeuka hata mwanamke wa eda akalala chumba kimoja na injini. Kisha yeye ndiye anayekuja kukaa nami kuitazama.

Nimefanya kama ulivyosema. Kuna shida moja hukuifikiria. Adamu ni mkwe wangu, na kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama wa mkewe. Alikaa nje ya pazia, tukaipitisha kamba chini ya pazia, yeye anavuta kule na mimi nachungulia huku. Kijana ana adabu mpaka anakera. Kila akivuta anasema "samahani mama."

Hakuna cheche, kaka. Si buluu wala nyekundu. Nilibadilisha na plagi mpya iliyoletwa na Silvano kutoka hapo mjini, sasa kila kitu ruksa na maduka yamejaa, lakini kitu kipya nacho hakina cheche. Nilirudia mpaka Adamu akaomba kupumzika. Nilikaa gizani na kile chuma nikalia, nakwambia kweli, maana nilijiona kama mtu anayemwomba maiti ajibu.

Kuna jambo jingine. Nesi wa zahanati anasema Shamila asingoje huku, aende mjini mapema, akae karibu na hospitali hata wiki tatu. Nimemwambia hilo ni jambo la kufikiria, kama mtu ana ndugu mjini.

Mwandiko wako umelala upande. Ulikuwa unaandika kwenye goti?

Mwajabu

*

Dodoma
9 Januari 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwaka mpya umeingia, Mungu aufanye wa kheri. Mpe mama mkwe salamu na umwambie injini haitongozi mtu, asiogope. Huku mvua imeanza, mahindi yanapendeza njia ya Makutupora, hivyo ndivyo naambiwa.

Vizuri. Sasa tunajua ugonjwa uko wapi, na hiyo ni nusu ya dawa. Kuna waya mwembamba unaotoka ndani kwenda kwenye kitufe cha kuzimia. Ukichubuka na kugusa chuma, injini inadhani kila wakati unaizima. Uchomoe huo waya kabisa, ujaribu tena. Ikigoma, angalia waya mnene wa plagi kama umepasuka.

Ikigoma bado, lazima tufungue lile gurudumu zito la juu lenye sumaku. Chini yake kuna platini, vidomo viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana kila injini ikizunguka. Vikiachana ndipo cheche inazaliwa. Vikichafuka hakuna cheche. Fungua nati ya juu lakini usiitoe yote, iache imeshika uzi kidogo. Mtu mmoja ainue gurudumu kwa vyuma viwili huku na huku, mwingine agonge nati kwa nyundo ya mti, polepole. Kuna kipini kidogo kitaanguka, usikipoteze, bila hicho cheche itakuja wakati usio wake.

Hiyo ni kazi ya watu wawili ndani ya chumba kimoja. Mwambie Adamu mimi mjomba wa mkewe nimetoa ruhusa, aingie akiangalia chini.

Na unijibu: tangu Mustapha afe, injini hiyo imeguswa na nani na imetiwa nini? Maji? Grisi? Fikiri vizuri.

Mwandiko ni kalamu mbovu tu. Stara anawasalimu sana.

Amiri

*

Kambini
18 Januari 1993

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, tunashukuru.

Waya wa kuzimia nimeuchomoa. Hakuna. Waya mnene mzima. Hakuna. Adamu aliingia, macho yake kwenye miguu yake, akagonga kidole chake badala ya nati kwa sababu hakutaka kutazama upande wangu. Mama mkwe alisimama mlangoni akasema, "Tazama, mkwe, ni injini na mjane, hakuna atakayekula." Gurudumu likatoka. Kipini ninacho, nimekifunga kwenye pindo la ukaya wangu wa kichwani.

Umeniuliza imetiwa nini. Haikutiwa kitu. Hakuna fundi mwingine aliyeigusa. Imetunzwa kama vitu vyote vya marehemu vilivyotunzwa.

Kaka, sasa naweka heshima pembeni. Njia ya nchi kavu imekatika juzi. Watu wanavuka kwa mitumbwi asubuhi kabla ya upepo, na wiki iliyopita kiboko ameupindua mmoja. Nilikutajia mambo ya Shamila kukaa mjini. Hukujibu. Nikasema labda ukurasa umepotea, nikaisoma tena barua, haujapotea. Umejibu juu ya nati na juu ya kipini na ukamruka mpwa wako. Huyu ni mtoto wa dada yako. Nyumba ya mjomba wake ni nyumba yake, na hilo halikuwa jambo la kuombwa. Ilikupasa useme mlete, kabla mimi sijafungua mdomo.

Basi sasa naomba. Nikimvusha kwa kasia asubuhi moja tulivu, akafika kwa Silvano, utampokea? Jibu ndiyo au hapana. Sitaki salamu za Stara, nataka Stara atandike kitanda.

Nimezifungua platini zenyewe, nazituma kwenye kitambaa hiki uzione kwa macho yako, maana mimi sizielewi. Kama Silvano akizipoteza, basi.

Mwajabu

*

Dodoma
27 Januari 1993

Mwajabu,

Marahaba. Platini zimefika.

Nilipofungua kitambaa sikuhitaji macho. Nimenusa. Ni mafuta ya alizeti, tena ya kukamua kijijini. Kuna mtu ameyamimina kwenye lile tundu la gurudumu, yakashuka mpaka kwenye platini, na joto la bati la paa lenu likayakausha. Yamekuwa kama vanishi. Vidomo vinagusana lakini havigusani, katikati kuna ngozi. Umeme haupiti ngozi hiyo, hata ukivuta kamba mpaka kiyama.

Nimejua ni nani. Hakuna aliyekosea. Nimekumbuka marehemu baba alipokufa Kondoa, bibi alipaka mafuta jembe lake, panga lake, na baiskeli yake mpaka kwenye kiti. Kitu cha marehemu husafishwa na kupakwa mafuta kisishike kutu kabla ya kupata mwenyewe mpya. Kwa jembe ni sawa. Ndiyo maana uliandika haikutiwa kitu. Kwenu wala si kutia, ni kutunza. Usimwambie mama mkwe kitu.

Nimezisafisha nimezirudisha humu. Lakini ngozi ile itakuwa pia kwenye bati zinapokaa platini na kwenye nyaya, safisha kwa petroli na mswaki, nje ya nyumba, mbali na moto, kisha kausha kwa kitambaa. Halafu chukua kipande hiki cha boksi nilichokata. Zungusha injini mpaka platini ziachane mwisho, kipande hiki kipite kati yake kwa kubana kidogo, si kwa nguvu na si kwa kupwaya. Kaza skrubu. Rudisha kipini kwenye mfereji wake, kisha gurudumu. Rudisha na waya wa kuzimia, utauhitaji.

Kuhusu Shamila. Nyumba kwa sasa haifai. Usiniulize zaidi ya hapo, Mwajabu. Si kwamba sitaki. Haifai, na ukimleta utajuta, na mimi nitajuta kuliko wewe. Mtafutie kwa watu wengine karibu na hospitali, nimemwomba Yotham aulize.

Fanya haraka. Usiwe na papara lakini fanya haraka.

Amiri

*

Kambini
3 Februari 1993

Amiri,

Barua yako na platini vimefika leo. "Haifai." Nimesoma neno hilo mara nyingi kuliko maelezo ya kipini.

Mama akiwa hai angekuuliza nyumba gani isiyofaa mtoto wa dada. Sikujui tena. Nitaitengeneza injini hii kwa sababu haina mtu mwingine, kisha sitakuandikia.

Shamila anaumwa mgongo tangu jana na anasema si kitu.

Mwajabu

*

Hospitalini, wodi ya wazazi
11 Februari 1993

Kaka Amiri,

Shikamoo.

Nesi mmoja, Emilia, ndiye atakayekuletea karatasi hii. Anasema ni kuvuka uwanja tu. Kwanza nikupe habari uliyotakiwa upewe kwanza: Shamila yu hai. Mtoto wa kike yu hai, amelia, ananyonya kwa hasira. Shamila bado homa haijaisha na hajakaa kitako, lakini jana aliomba uji.

Alhamisi iliyopita niliosha kila kitu kwa petroli uani, mama mkwe akiuliza ninamwosha nani mara ya pili. Sikumwambia. Nilipitisha kipande chako cha boksi, nikakaza. Adamu akavuta. Kaka, cheche ilionekana hata bila kufunga dirisha. Nilimwambia avute tena, na tena, si kwa ajili ya kujua, kwa ajili ya kuiona tu.

Tulikuwa tumepanga tumvushe Jumamosi asubuhi, tumweke kwa watu aliowapata Yotham. Ijumaa adhuhuri maji yakamtoka. Upepo ulikuwa umeshaanza, bwawa limesimama mawimbi. Adamu alimbeba mpaka kwenye boti, akamweka kichwa mapajani mwake, na Shamila akamshika shati asimwachie. Vijana wawili wakavuta kamba, injini ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Hawajui kuisikiliza. Mimi nilikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, nasikia kabisa kwamba wanaipa petroli nyingi, na sitoki.

Mama mkwe ndiye aliyenisukuma. Yule ambaye hakuniruhusu hata kusimama dirishani. Alisema, "Toka. Mwanangu amekufa, hatakufa zaidi. Huyu bado." Nikatoka na nguo zangu za eda, nikapanda.

Katikati ya maji ilizima. Tulisukumwa upande wa viboko, na Shamila alikuwa hapigi kelele tena, jambo lililonitisha kuliko kelele. Nilifungua plagi, ilikuwa imelowa, nikaifuta kwa ukaya, nikaipuliza, nikairudisha kama nilivyofanya mara mia kule chumbani. Mikono ilijua yenyewe. Nikavuta mimi. Ng'ambo Silvano alikuwa anapakia samaki, akamwaga samaki wote chini bila kuulizwa.

Walimpasua usiku ule ule. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungewapoteza wote wawili. Sheikh akiniuliza juu ya eda yangu nitamsikiliza.

Sasa yako. Jumapili nilikwenda Nkuhungu. Hasira zangu ziliniongoza, nilitaka usimame mlangoni uniambie haifai mbele ya macho yangu. Nikakuta kufuli. Jirani akanitazama kama mtu mgeni kwa ndugu zake. Akasema Stara na watoto uliwapeleka Kondoa tangu mwezi wa kumi na moja, na kwamba wewe umelazwa hapa hapa, kifua kikuu, unachomwa sindano kila siku, na kwamba mwezi ule wa kwanza wa kulazwa walidhani utakufa.

Kumbe ndiyo maana haifai. Uliogopa umwambukize Shamila na aliyemo tumboni. Ulikuwa unakohoa damu na unanieleza namna ya kugonga nati kwa nyundo ya mti. Salamu zote zile za Stara ulikuwa unazitunga kitandani. Nami nikakuandikia kwamba sikujui tena.

Watu wa zamani walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ulinifundisha kutafuta ugonjwa wa chuma kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ukaniuliza imetiwa nini, imeguswa na nani, fikiri vizuri, usifiche. Ukanidai ukweli wote juu ya injini. Na wewe je? Hukuona kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa? Au ulifikiri nitaogopa kikohozi baada ya kumfunga sanda mume wangu?

Emilia anasema umekataa nije wodini kwenu. Anasema umegeukia ukuta. Nimemwuliza kama bado unatema damu, akasema niulize mwenyewe. Basi nakuuliza. Usinijibu habari za mvua, na usinijibu kwamba kalamu ni mbovu. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, Emilia atasubiri uandike.

Mwajabu

*

Wodi ya mwisho
11 Februari 1993

Mwajabu,

Naumwa. Damu imepungua lakini haijakoma. Usiku naogopa, hata taa naomba wasizime. Sikutaka ujue kwa sababu ulikuwa umeshamzika mmoja.

Usije ndani, bado ninaambukiza. Ila usirudi Mtera kwanza.

Amiri